Maswali ya Wasomaji: Mpanda Farasi Aliyejificha Ndani ya "Desultory"

SWALI: Nimekutana na neno la Kiingereza "desultory", likimaanisha jambo linalofanywa bila mpango, la kudonoadonoa hapa na pale. Kamusi ya Kilatini ilinipeleka kwa "desultorius", kisha "desultor", kisha ikaniacha kwa kitenzi "desilio", ambacho sioni kinafananaje na neno nililoanza nalo. Programu ya kutafsiri nayo ikanipa neno jingine kabisa. Nani ananipoteza?

JIBU: Programu ndiyo inayokupoteza. Ukiipa "desultory" inakujibu vile Mrumi angeweza kusema wazo hilo, nawe hukuuliza hivyo. Umeuliza neno lenyewe limetoka wapi. Kamusi imekuonyesha njia sahihi, ila haikukueleza hatua zake.

Tuanze na "desilio". Kamusi ya Kilatini huweka kitenzi katika nafsi ya kwanza umoja, wakati uliopo: "desilio", naruka kushuka. Baada ya hapo hutaja maumbo mengine matatu: "desilire", kuruka kushuka, "desilui", niliruka, na "desultum". Wengi husoma umbo la kwanza na kufunga kitabu, kumbe katika vitenzi vingi umbo la nne ndilo ghala. Humo ndimo yanamochongwa majina ya watendaji, majina ya matendo na vitenzi vya kurudiarudia. Toa "-um" ya "desultum", weka "-or", umepata "desultor", mrukaji. Weka "-orius", umepata kivumishi chake. Kiingereza hukata "-orius" kikabakiza "-ory", kama kinavyokata "-arius" kuwa "-ary", "-tas" kuwa "-ty" na "-osus" kuwa "-ous". Jozi hizo nne peke yake zitakufungulia maneno mengi sana.

Msemaji wa Kiswahili hapaswi kuona ajabu. Mgeni akitafuta "aliyemwona" katika kamusi yetu hatalipata. Sharti avue viambishi mpaka afike "ona".

Sasa kwa nini "sil" huku na "sult" kule? Kitenzi mama ni "salio", naruka, na umbo lake la nne ni "saltum". Kiambishi "de-" kilipopachikwa mbele, irabu "a" ilijikuta katika silabi ya pili. Katika Kilatini cha kale sana, kabla ya maandishi tuliyozoea kuyasoma, mkazo uliangukia silabi ya kwanza ya neno, na irabu fupi zilizofuata zikafifia. Zilififia kwa utaratibu. "A" iliyokuwa katika silabi wazi, yaani inayoishia kwa irabu, iligeuka "i": "salio" ikazaa "desilio", kama "facio" ilivyozaa "conficio" na "capio" ikazaa "accipio". "A" iliyofuatwa na "l" pamoja na konsonanti nyingine iligeuka "u": "saltum" ikazaa "desultum".

Usikubali kanuni kwa mfano mmoja, kwa sababu mfano mmoja huweza kuwa bahati tu. Kanuni hii ya "u" ina mashahidi wengine. "Calco" ni kukanyaga, kutoka "calx", kisigino. Ukiweka "in-" unapata "inculco", kushindilia kwa kisigino, na ndiko Kiingereza kilikotoa "inculcate", kumkaririsha mtu jambo hadi limwingie. "Salsus" ni kilichotiwa chumvi. "Insulsus" ni kisicho na chumvi, doro, na kwa maana ya pili mtu asiye na ladha wala akili. Maneno matatu yasiyo ndugu yamefuata mkondo uleule. Hapo unaweza kuandika kwa wino.

Kanuni hiyohiyo inakuletea jamaa wa "desultory" ambao pengine hukuwadhania. "Result" na "resilient" ni watoto wa "resilio", kuruka kurudi nyuma: mmoja umetoka upande wa "sult", mwingine upande wa "sil". "Insult" ni kumrukia mtu. "Exult" ni kurukaruka kwa furaha, na "s" ya "salio" imemezwa na "x". Lakini "consult" usiiweke humo. Ina "-sult" ileile machoni, ila inatoka "consulo", kitenzi kingine kabisa, chenye maumbo yake.

Tukirudi kwa "desultor", hakuwa mrukaji wa hivihivi. Alikuwa mtumbuizaji wa uwanja wa mashindano aliyepanda farasi wawili au zaidi, akiruka kutoka mgongo wa mmoja kwenda wa mwingine wakiwa mbioni. Livy, mwanahistoria wa Roma, anapoeleza vita vya Roma na Hannibal, jemadari wa Karthago, anawataja wapanda farasi wa Numidia, Afrika ya Kaskazini, waliokwenda vitani na farasi wawili kila mmoja, nao katikati ya mapambano, wakiwa na silaha zao, waliruka kutoka kwa farasi aliyechoka kwenda kwa aliye mzima, kwa mtindo wa "desultor". Mshairi wa Roma, Ovid, naye akalihamishia neno kwenye mapenzi: anamwapia mpenzi wake kwamba yeye si "desultor amoris", hana tabia ya kurukia huyu na kumwacha yule. Kwa hiyo Kiingereza kilipolichukua neno mwishoni mwa karne ya 16, maana ya kutotulia ilikuwa imekwisha kupikwa na Warumi wenyewe. Mazungumzo ambayo ni "desultory" ni yale yanayoshuka mgongoni mwa hoja kabla haijafika popote.

Ukitaka kurudia kazi hii kwa neno jingine, chora jedwali la safu nne: umbo, lugha, karne, maana. Kila umbo lishuke mstari wake. Mstari usio na karne bado ni dhana, na usiujengee mwingine juu yake. Halafu angalia kama kati ya Kilatini na Kiingereza pana mstari wa Kifaransa uliouruka. Dalili zake ni konsonanti za katikati kupotea na "c" kugeuka "ch": "fragilis" imeingia Kiingereza mara mbili, moja kwa moja kama "fragile", na kupitia Kifaransa kama "frail", "cantare" ikapita Ufaransa ikatoka "chant". "Desultory" halina dalili hizo. Lilitolewa vitabuni na watu waliojua Kilatini, ndiyo maana halikuchubuka.

SWALI: Je, kuna neno lolote la Kiswahili ambalo ni ndugu wa neno adimu la Kiingereza kwa upande wa Kilatini?

JIBU: "Meza" ya kulia chakula. Ndugu yake wa Kiingereza ni "commensal".

Kilatini kilikuwa na "mensa". Katika usemi wa kila siku Warumi waliiacha "n" iliyotangulia "s". Hata ufupisho wao rasmi wa cheo cha "consul" uliandikwa "cos", bila "n". Hivyo lugha zilizozaliwa na usemi huo, Kireno kimojawapo, zikarithi "mesa". Katika Kireno "s" iliyo kati ya irabu mbili hutamkwa "z", na Waswahili waliandika walichosikia. Ndiyo "z" yetu. "Mvinyo" ulipita njia hiyohiyo, kutoka "vinum" hadi "vinho" ya Kireno.

Kiingereza hakikupitia usemi, kilipitia maandishi, kwa hiyo "n" ikabaki. "Com-" ni "pamoja", "mensa" ni meza, "-alis" ni tamati ya kivumishi: "commensalis", neno la Kilatini cha Enzi za Kati, mtu mnayekula naye meza moja. Katika miaka ya 1870 mwanazoolojia wa Ubelgiji, Pierre-Joseph van Beneden, alilitumia kwa viumbe wanaoishi na kiumbe kingine wakila naye bila kumnyonya, akiwatenga na vimelea. Wanabiolojia wanalitumia hivyo mpaka leo.

Ila angalia usiteleze. Tuna "meza" nyingine, ya kumeza dawa, na mtu mwenye haraka atakuambia fanicha ilipata jina kwa sababu ndipo chakula kinapomezewa. Inapendeza, na si kweli: kitenzi ni cha Kibantu, fanicha ni ya Kireno, zimegongana tu. Kilatini nacho kimejaa migongano ya namna hii. Chukua "mens-" peke yake. Kuna "mensa", meza. Kuna "mensis", mwezi wa kalenda, uliozaa "menstrual". Kuna "mensura", kipimo, iliyozaa "mensuration". Kuna "mens", akili, ambayo ukiitia katika umbo la umiliki inakuwa "mentis", na ndiyo inayotoa "mental". Na kama hiyo haitoshi, madaktari wana "mental" nyingine, ya kidevu, kutoka "mentum". Ukisoma juu ya neva ya jina hilo katika taya, haina uhusiano wowote na akili.

Kinga yake ni umbo la umiliki, ambalo kamusi huliweka mara baada ya kidahizo. Nomino nyingi za Kilatini huficha shina katika umbo la kwanza: "grex", kundi la mifugo, ni "gregis", "pes", mguu, ni "pedis", "iter", safari, ni "itineris". Asiyejua "gregis" hataona kamwe kwamba "egregious" ni "aliyetoka nje ya kundi". Zamani ilikuwa sifa njema, mtu bora kuliko wenzake, na Waitaliano bado huanza barua za heshima kwa "Egregio". Katika Kiingereza ikageuka kuwa ubaya uliopindukia.

Na alama za urefu wa irabu si mapambo. "Liber" yenye "i" ndefu ni mtu huru. Yenye "i" fupi ni kitabu. "Liberty" na "library" hazina undugu.

SWALI: Nimesoma kwamba "posthumous" ni "post" na "humus", yaani baada ya kuzikwa ardhini. Inaeleweka vizuri. Kuna ubaya gani?

JIBU: Ubaya ni hiyo "h", ambayo haikuwapo.

Warumi waliandika "postumus". Tazama wenzake: "intimus", wa ndani kabisa, "ultimus", wa mbali kabisa, "optimus", bora kabisa, ambayo zamani iliandikwa "optumus". Hii ni tamati ya sifa ya juu kabisa, na "postumus" ni "wa nyuma kabisa", wa mwisho. Mtoto wa mwisho ndiye "postumus". Kwa kuwa anayezaliwa baada ya baba yake kufa hawezi kufuatwa na mwingine wa baba huyo, jina likamganda, na wanasheria wa Roma wakalipokea kwa maana hiyo. Baadaye waandishi waliona kifo kiko karibu, wakakumbuka "humus", ardhi, na "humare", kuzika, wakachomeka "h". Waingereza waliirithi katika maandishi, ila katika kutamka hawaitamki.

Mabishano yenyewe ni ya kale. Mshairi Virgil katika utenzi wake "Aeneid" anamwita mwana wa shujaa wake Aeneas "postuma proles", mtoto "postumus", na katika karne ya 2 mwandishi Aulus Gellius anasimulia jinsi wataalamu walivyovutana kama maana yake ni mtoto wa baada ya kifo au mtoto wa mwisho. "Postumus" lilikuwa pia jina la kawaida la watu: mshairi Horace anamlilia rafiki yake Postumus jinsi miaka inavyoteleza, na rafiki huyo alikuwa hai.

Maelezo ya asili yanapokuwa na hadithi tamu ndani yake, kagua tahajia ya zamani zaidi kabla ya kuisimulia.

SWALI: "Ultracrepidarian", mtu anayetoa hukumu katika mambo asiyoyajua, halimo katika kamusi yoyote ya Kilatini niliyofungua. Je, ni la uongo?

JIBU: Si la uongo, ila halikuzaliwa Roma. Mbegu yake iko kwa Pliny Mkubwa, mwandishi wa Roma aliyefariki mwaka 79. Anaeleza kwamba mchoraji Apelles alikuwa akiweka picha zake pale wapita njia wanapoziona, yeye akajificha nyuma yake kusikiliza. Fundi viatu mmoja akasema kandambili iliyochorwa imepungukiwa tundu moja la kamba upande wa ndani. Apelles akarekebisha. Kesho yake fundi, akiwa amevimba kichwa, akaanza kuukosoa mguu. Apelles akatoa kichwa nje kwa hasira: fundi viatu asihukumu lililo juu kuliko kandambili. Pliny aliandika "supra crepidam". "Ultra" ilichukua nafasi ya "supra" baadaye, msemo ulipokwisha kuzoeleka midomoni. Neno zima lilichapishwa na mwandishi wa Kiingereza William Hazlitt mwaka 1819, katika barua ya kumshambulia mhakiki William Gifford. Mwisho wa safari nao si Kilatini: "crepida" Warumi waliitoa kwa Wagiriki, "krepis".

Kuna maneno yenye asili ya ajabu kuliko hilo: yale yaliyozaliwa na kosa. Cicero, msemaji na mwandishi wa Roma, akimwandikia rafiki yake Atticus, anataja "sittybae", vipande vya ngozi vilivyobandikwa kwenye hati za kukunja ili kuonyesha jina la kitabu. Matoleo ya kwanza ya chapa, karne ya 15, yalisoma vibaya yakaweka "syllabos". Ndipo ikazaliwa "syllabus", na wasomi wakaitafutia hata asili ya Kigiriki. Wanaogombana kama wingi wake ni "syllabi" au "syllabuses" wanagombea urithi wa kosa la chapa. Vilevile "collimate", neno la wataalamu wa darubini: Cicero aliandika "collineare", kulenga katika mstari, kutoka "linea". Nakala fulani zikasoma "collimare", na wanaastronomia wa karne ya 17 walioandika kwa Kilatini wakalichukua hivyo.

SWALI: Sijui Kilatini. Nianze na kamusi ipi?

JIBU: Ya Lewis na Short ya mwaka 1879 inapatikana bure mtandaoni. Itumie kwa maana na kwa mifano ya waandishi. Maelezo yake ya asili ya maneno yamepitwa na wakati, usiyategemee. Oxford Latin Dictionary, iliyokamilika mwaka 1982, ni makini zaidi lakini huishia takriban mwaka 200, kwa hiyo neno la kanisa au la Enzi za Kati kama "commensalis" usilitafute humo. Kwa hayo kuna kamusi ya Du Cange, iliyotoka kwanza mwaka 1678. Upande wa Kiingereza, kamusi kubwa ya kihistoria ya Oxford ndiyo itakayokupa mwaka wa kila maana.

Mambo mawili yatakusumbua mwanzoni. Kwanza tahajia: "j" na "i" ni herufi moja, "v" na "u" vilevile, na "ae" ya kale huandikwa "e" katika hati za baadaye. Pili, viambishi awali huiga konsonanti inayofuata. "Ad-" huwa "af-" mbele ya "f", "ac-" mbele ya "c", "al-" mbele ya "l". "Sub-" huwa "suf-" au "sup-". "In-" huwa "im-" mbele ya "p". Wewe unafanya hivyo kila siku: nyumba ni "nzuri", lakini nyumba ni "mbaya", "n-" ikigeuka "m-" mbele ya "b". Kamusi nyingine huandika "adfero", nyingine "affero", kwa hiyo usipolipata neno sehemu moja litafute sehemu ya pili. Na ukiona nyota mbele ya umbo, ujue limekisiwa na wataalamu, halijaonekana katika maandishi yoyote.

SWALI: "Procrastinate" ni kuahirisha hadi kesho. Lipo la keshokutwa?

JIBU: Lipo. "Cras" ni kesho, "crastinus" ni cha kesho, na "pro-" hukisukuma mbele. Keshokutwa ni "perendie", kivumishi chake "perendinus", na Kiingereza kina "perendinate", ingawa utapekua vitabu vingi kabla hujalikuta. "Cras" yenyewe ilikufa katika Kifaransa na Kiitaliano, zikatumia neno la asubuhi badala yake: "demain", "domani". Wasardinia ndio ambao bado husema "cras".